Mashine ya Ahadi Mbili

Pale Rujewa, kabla ya mashine ya Magesa, mpunga tulikuwa tunaupiga. Unashika mganda, unaubamiza kwenye gogo mpaka mkono unakufa ganzi, na punje nyingine zinarukia kwenye majani, ambako kuku wa jirani anasubiri kama mtu aliyealikwa. Waliokuwa wanaumia zaidi ni wanawake. Ukimwona mama anasonga ugali kwa mkono mmoja, ujue ule mwingine umegoma.

Magesa alikuwa Msukuma, ameshuka Usangu na ng'ombe wake, mama yake Mbuke, mke wake Helena na mtoto wao mmoja, Roza. Kijiji kiliwapa kiwanja kwenye mfereji. Watu walisema hawa wa ng'ombe hawatajua mpunga, lakini Magesa alikuwa na mikono. Alitengeneza pipa la mbao, akalipigilia waya zilizopindwa, akalifunga kwenye fremu na kikanyagio chini, gia mbili za chuma katikati. Unakanyaga kwa mguu, pipa linazunguka, unaweka masuke juu yake na punje zinadondoka zenyewe. Mama zetu walisimama wakaangalia. Mmoja alilia kabisa.

Sasa miaka ikapita, siku moja akaja Ndugu Sedekia, katibu wa kijiji, kwa baiskeli. Akaiegemeza kwenye mashine kama vile ni ukuta. Kigoda kilikuwa kimoja na Mbuke ndiye aliyekuwa amekikalia, bibi wa watu mwenye magoti mabovu. Akainuka mwenyewe, akakaa chini. Sedekia akaketi bila kumtazama. Helena akapiga magoti akamsalimu, akaenda kukamata kuku, maana katibu haondoki na chai tupu.

Alikula vizuri. Alipomaliza akasema Sabasaba wanakuja wageni kutoka mkoani. Ameshawaita wahunzi wa vijiji vya jirani, na yule bruda wa misheni ya Ipogolo naye atakuja na wanafunzi wake. Mashine itafunguliwa yote mbele ya watu, mpaka gia.

Magesa akasema gia zinaonekana tu hata bila kufungua.

"Kuonekana siyo kujua," Sedekia akasema. "Zile chuma za kwako hazivunjiki. Za wenzako zinavunjika. Utawasha moto pale pale, uwaoneshe unavyofanya."

Magesa akaangalia chini.

"Au unataka ushibe peke yako, Magesa? Mfereji huu unapita kwako kwa sababu sisi tulikubali upite. Huko kwenu Usukumani mlikuwa na mfereji?"

Akacheka, na Magesa naye akacheka, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Kisha akasema ndiyo, Ndugu Katibu, nitawasha. Huyo ndiye alikuwa Magesa. Hajawahi kumwambia mtu hapana, na ndiyo zake ndizo zilizomfikisha pale.

Lakini Helena alikuwa anakusanya sahani, na aliona kikombe cha mume wake kinagonga meno.

*

Alimfuata mferejini. Roza alikuwa anaoga, Magesa amekaa ukingoni na hata miguu hajailowesha.

Helena akamuuliza mara moja tu, akaendelea kumsugua mtoto. Ukitaka mwanaume aseme, usimtazame. Basi Magesa akasema.

Pipa alifundishwa Ipogolo, kule Iringa, kwenye karakana ya misheni, na Bruda Liberatus. Bruda hakutaka hata senti. Alitaka neno. Alimwambia: yeyote atakayekuja kuomba, umwoneshe yote, na chochote ulichoongeza wewe umwoneshe pia, usifiche hata msumari, na yeye naye amwoneshe mwingine hivyo hivyo. Magesa akasema ndiyo.

Akarudi, akatengeneza gia za mti, zikavunjika. Akatengeneza za bati, zikakunjika. Ndipo akaenda Mbeya kwa wahunzi wawili wa Kinyakyusa, Lutengano na mdogo wake Anyitike, wanaojua kukaza chuma mpaka kiwe kama jino la mtu. Wakakubali kumfundisha, na hao pia walitaka neno. Walimwambia: gia ziende popote, lakini moto wenyewe, tunachotia na namna tunavyopoza, usimwoneshe mtu asiyeapa hapa kwetu. Magesa akasema ndiyo.

"Ndiyo kwa wote wawili," Helena akasema.

"Nilifikiri ni kama ng'ombe."

Na hapo msimcheke. Wasukuma wanawekeana ng'ombe. Wa mjomba analala zizi moja na wa rafiki, kila mmoja na mapatano yake: huyu maziwa ni yako ila ndama wangu, yule hata maziwa usiguse. Mtu mmoja anashika mapatano kumi na hakosei. Magesa alifikiri mashine ni zizi. Lakini pipa na gia ukishavifunga pamoja haviendi malishoni kila kimoja na njia yake. Ukimwonesha mtu mashine yote, mpaka moto wa gia, umevunja neno la Mbeya. Ukificha huo moto, umevunja la Ipogolo, kwa sababu gia ndizo alizoongeza. Miaka yote ile ahadi zote mbili zilikaa salama kwa sababu hakuna aliyekuja kuomba.

"Uliapa kwa kitu gani?" Helena akauliza. "Hao wazee wanaapisha kwa kitu."

Magesa alimtazama Roza kichwani, basi.

Helena akashusha mkono. Alikumbuka. Kuna msimu aliona kisogoni kwa mtoto pamekuwa wazi, padogo kama kisigino cha kuku, na msuko mmoja haupo. Magesa akamwambia ni mashilingi hayo, mapunye ya kichwani, watoto wote wanayo. Yeye akahangaika kumpaka mafuta ya taa, mtoto analia kwa kuungua, na ngozi yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

"Ulimkata amelala."

"Wanaweka kwenye pembe," Magesa akasema. "Ukiwasha ule moto mbele ya mtu, mwenye nywele ndiye analipa."

Roza akapiga chafya kwenye maji. Chafya ya kawaida tu ya mtoto. Wazazi wote wawili wakasimama.

Unaweza kusema ni ushirikina, na Helena alikuwa Mkatoliki, alijua kanisani wangemwambia nini. Alimwambia Magesa hivi: "Padri atasema si kitu. Padri hana mtoto."

*

Walipata lori la mpunga mpaka Mbeya. Helena alikataa kubaki, na alikataa kumwacha Roza, akambeba mgongoni ingawa mtoto alishakuwa mkubwa na miguu inaning'inia. Njia nzima mkono wake ulikuwa unarudi nyuma kumgusa shingo kama ina joto.

Soweto, mtaa wa pale pale Mbeya, walimkuta Lutengano amezeeka sana. Alimfahamu Magesa, akafurahi, akasikiliza yote. Akasema yeye binafsi angemfungua hata leo, kwa sababu miguu imemwisha na moto haumtaki tena. Lakini ule ujuzi si wake peke yake. Ni wao wawili walioachiwa na baba yao, na Anyitike amefariki.

Magesa alikaa chini. Hakuwa na habari. Alikuwa amejiwekea moyoni kwamba Anyitike, yule mcheshi, ndiye atakayemwonea huruma.

"Neno lake liko kwa nani sasa?" Helena akauliza.

"Kwa mjane wake. Nyumba ya pili hapo. Na mimi bila yeye siwezi."

Damari, mama Asukile, alikuwa anamenya ndizi uani. Mwanamke mrefu, amefunga kitambaa cheusi. Ukutani nyuma yake palining'inia pembe ya ng'ombe iliyozibwa kwa nta. Helena alipoiona hakusikia tena salamu.

Magesa akaeleza, akajikwaa, akaanza upya. Damari alimwacha afike mwisho. Akaendelea na ndizi zake.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Sasa na wewe nisikie. Mume wangu hakuniachia shamba. Aliniachia huo moto. Asukile anakula kwa huo. Ukiuwasha mbele ya wahunzi wa vijiji vyote, mwakani nani atakuja kwa mwanangu?"

Magesa akasema hakuna.

"Basi umejijibu."

Aliyasema kwa upole, na hilo ndilo lilikuwa baya. Angekuwa na hasira wangemwona mbaya, wakaenda zao wakimsema. Lakini alikuwa na haki, na akawapa na ndizi za njiani.

Magesa akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, mama, akainuka. Helena hakuinuka.

"Mama, na tukiitoa hiyo gia? Tukiweka kitu kingine kabisa, kisichotoka kwenu?"

Damari akaacha kisu. "Mashine isiyo na kitu changu, mimi inanihusu nini? Fanyeni mnavyotaka."

"Nitaitengeneza wiki hii hii," Magesa akasema haraka.

"Wewe hapana," Damari akasema. "Mkono wako umeshafundishwa. Utasema unafanya kitu kingine, na mkono utarudia ule ule, na mimi nitajuaje? Atengeneze mtu ambaye hajakanyaga kwenye moto wetu. Na wewe usimwambie kitu. Hata kwa kutikisa kichwa."

Helena akatazama pembe. "Na hiyo?"

"Hiyo inakaa. Nikisikia Sabasaba imepita vizuri, tutaongea."

*

Basi Rujewa wakaanza watu wawili ambao hawakuwahi kushika nyundo: Helena na mama mkwe wake. Magesa aliwekwa nje ya ua, amegeuzwa mgongo, anatazama ng'ombe. Mimi nilipita nikamuuliza kama amefukuzwa. Akasema ni kama hivyo.

Gia za chuma walizitoa, Helena akazifunika ndani ya chungu cha ulezi. Walichokuwa nacho ni gurudumu la mkokoteni wa zamani na kinu kilichopasuka. Mbuke akasema ngozi. Msukuma kila tatizo lake linaanzia kwa ng'ombe na kuishia kwa ng'ombe. Wakakata mkanda mrefu wa ngozi mbichi, gurudumu la mkokoteni likawekwa chini kwenye kikanyagio, kipande cha kinu kikafungwa kwenye mhimili wa pipa, mkanda ukazungushwa juu ya vyote viwili.

Helena akakanyaga. Pipa likazunguka kinyume, likamrushia Mbuke mpunga usoni, puuu, mdomoni na puani.

Nje ya ua Magesa akakohoa.

"Usikohoe," Mbuke akasema, anatema punje.

"Ni vumbi, mayu," akamjibu mama yake.

"Vumbi liko huku kwetu. Huko kwako kuna ng'ombe tu."

Maskini Magesa. Alijua tatizo kwa mlio tu. Gia mbili zikikutana zinageuzana, moja huku na nyingine kule, lakini mkanda unavuta vyote upande mmoja. Neno moja lingetosha. Akauma kidole chake mpaka ikabaki alama, kwa sababu kila alipotaka kusema aliiona ile pembe.

Siku zikaenda. Mkanda ukateleza, ukalegea, wakaukata, wakaushona tena. Wakaupaka majivu, ukashika kidogo. Lakini pipa bado kinyume. Na Roza akaanza kukohoa. Mafua tu, watoto wengi wa mfereji walikuwa nayo. Helena akawa anafanya kazi mtoto amemfunga mgongoni, ili amsikie anavyopumua. Budeba, binamu yake Magesa, akapita akasema hawa wanawake wanatengeneza mashine ya kulisha kuku. Mbuke alikuwa amechoka mpaka akasema labda wahame tu, ng'ombe wapo, nchi ni kubwa. Helena akasema pembe inajua njia ya kila mahali.

Siku moja kabla ya Sabasaba mtoto akamteleza mgongoni. Helena akafungua kanga, akaipitisha tena kifuani, safari hii akaipishanisha, upande huu ukaenda bega lile, na akakaza. Mtoto akakaa. Helena akabaki ameshika fundo.

Akaenda kwenye mashine. Akautoa mkanda, akaupishanisha katikati kama ile kanga, akaurudisha. Akakanyaga. Mkanda ukashika kwa nguvu kuliko mwanzo, na pipa likazunguka upande wa sawa.

Nje, hakuna aliyekohoa. Mbuke akachungulia. Magesa alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti, analia.

*

Sabasaba watu walijaa. Wageni wa mkoa walipewa viti vya shule. Wahunzi wakasimama na aproni zao, na Bruda Liberatus, Mhehe mfupi amekunja mikono ya kanzu, alikuwa ameshapiga magoti chini ya mashine kabla ya hotuba.

Helena akakanyaga. Ikapura. Polepole kuliko ya zamani, usidanganywe, na mkanda ulinuka. Watu wakacheka kidogo. Mgeni mmoja akauliza kama ndiyo hii waliyosafiria.

Sedekia alibadilika rangi. Akamsogelea Magesa, akamuuliza huku ameuma meno gia ziko wapi. Magesa akasema zimetolewa. Sedekia akaingia ndani ya nyumba ya watu bila kubisha, tukasikia vyombo vinavunjika, akatoka na gia moja ina ulezi kwenye meno yake. Akaiinua juu.

"Hii hapa. Fundi wetu anaficha. Anawaletea wageni ngozi." Akamgeukia. "Washa moto. Waoneshe hii inafanywaje."

Helena akamvuta Roza kifuani. Mtoto akakohoa, na kila mtu alisikia.

Nataka mjue kwamba Magesa hakuwa shujaa. Alimtazama katibu, akatazama mfereji, nyumba yake, kuku wawili waliobaki.

"Hapana, Ndugu Katibu," akasema. "Hiyo sioneshi."

"Unasema?"

"Ina wenyewe, na hawakuniruhusu. Nimeitoa. Hii iliyobaki naonesha yote, mpaka msumari."

Sedekia akamwita Bruda awe shahidi, kwamba mtu huyu alifundishwa bure na sasa anawanyima wenzake. Bruda akatoka chini ya mashine, magoti yana tope. Akamuuliza Magesa.

"Katika hii iliyosimama hapa, kuna kitu utakachokataa nikiuliza?"

"Hakuna, Bruda."

"Mkanda ni wa nani?"

"Wa mke wangu na mama yangu."

Bruda akamgeukia Helena. "Mama, unakubali wachukue?"

Helena akasema wachukue, wampe na mwingine.

"Basi mimi simdai kitu," Bruda akamwambia katibu. "Hiyo chuma siyo mimi niliyempa. Siwezi kuidai."

Wahunzi walishaanza kupima mkanda kwa viganja. Mmoja akasema ngozi ipo, vinu vibovu vipo, kwao hata chuma cha gia hakipatikani. Wageni wakaandika vitu vyao, wakala, wakaondoka. Sedekia akaitupa gia kwenye majani. Kabla ya jioni akatuma mtu kuwaambia kiwanja cha mfereji kimepangiwa mwingine. Wao watapewa kule mwisho, ambako maji yanafika yakibaki.

Walihama na mashine juu ya mkokoteni wa kuazima. Baadhi yetu tuliwasaidia kubeba. Baadhi tuliangalia.

*

Gia zote mbili Magesa alizifunga kwenye gunia, akazirudisha Mbeya kwa lori. Kuhusu nywele hakuambiwa kitu. Damari alizipokea, akampa ndizi.

Mpunga ulipokuwa umekwisha kupurwa akaja kijana kwa miguu kutoka stesheni, mpole, mikono ina makovu ya moto. Akasema yeye ni Asukile, ametumwa na mama yake. Akakabidhi karatasi ya sukari iliyokunjwa.

Helena aliogopa kuifungua. Alijiuliza, nywele za watoto si zote zinafanana? Wakiniletea za mwingine nitajuaje? Magesa akataka kumsaidia, akamkataza. Akaifungua mwenyewe, juu ya mapaja.

Msuko mfupi, na kwenye ncha yake uzi wa bluu. Siku ile anamsuka Roza, Helena alikuwa ameuchomoa mwenyewe kwenye pindo la gauni lake la harusi, ulipokosekana uzi mwingine. Helena akaugusa, akakaa chini pale pale mavumbini, na pumzi ikamtoka kama mtu aliyetua kuni. Roza akaja kutazama, akauliza hizo ni za nani. Za kwako, mama yake akasema. Roza akasema mbona ndogo hivyo.

Mbuke akamletea kijana uji. Alipokuwa anakunywa Helena akamuuliza, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, kama kwenye pembe zimebaki za wengine.

"Zimo nyingi, mama," Asukile akasema.

Akashusha bakuli. Mkono wake ukapanda wenyewe nyuma ya kichwa, ukagusa mahali.

"Na mimi zangu zimo," akasema. "Siku baba anaapishwa na babu, nilikuwa kama huyu."